Mwungwana, Mja na Huru

"Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo." Methali hii wazee wa pwani wameitumia tangu zama za mababu kumkanya kijana mwenye ahadi nyingi na matendo haba, na aghalabu yeye aitamkaye na yeye aambiwaye huichukua kuwa ni nasaha ya tabia njema tu, wala hawaitazami kwa ndani, lakini ukiipasua, kama mtu apasuavyo dafu, utaona kwamba maneno yake saba yamewagawa wanadamu mafungu mawili, upande mmoja akawekwa mja, yaani mtu aliyekuja au aliyeletwa, mtumishi asiye na mji wala nasaba, na upande wa pili akawekwa mwungwana, mtu aliyezaliwa huru katika mji wa mababu zake, kisha, baada ya kuwatenga hivyo, methali ile ile imeacha mlango wazi, kwa sababu imesema mwungwana ni kitendo, na kitendo hakirithiwi.

Katika mlango huo ndimo ilimopita sehemu kubwa ya tarikh ya pwani yetu.

Siku hizi itikadi ikitajwa, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye vyama, bendera, maazimio na hotuba za uwanjani, kana kwamba kabla ya hayo watu waliishi bila ya wazo lolote la kuwaongoza. Uungwana haukuwa na katibu wala kadi ya uanachama, haukuandikwa katika azimio, na hakuna awezaye kuutaja mwaka ulipoanza. Hata hivyo, kwa karne nyingi ndio uliokata shauri nani ajenge kwa mawe na nani kwa udongo na makuti, nani avae viatu mbele za watu na nani aende miguu mitupu, nani amwoe binti ya nani, nani aketi barazani na nani asimame, na nani aitwe kwa jina la baba yake na nani kwa jina la bwana wake. Fikra iliyoweza kuyaamuru hayo yote pasipo askari wa kuyasimamia yafaa itazamwe kwa makini kama zitazamwavyo dola na falme.

Ibn Battuta alipofika pwani hii mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa wakiosha miguu yao kabla ya kuingia misikitini, na huko Kilwa akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya baba wa vipawa kwa wingi wa ukarimu wake. Usafi, ibada na ukarimu: hizo ndizo nguzo alizoziona mgeni yule, na ndizo zilizosimama katika uungwana muda mrefu baada ya Kilwa yenyewe kuanguka. Karibu na mlango wa mto Tana pamesalia magofu ya mji ulioitwa Ungwana, na ghuba iliyo mbele yake bado inaitwa Ghuba ya Ungwana. Mji umekufa, wakazi wake wametawanyika, na jina limebaki baharini.

Atakaye kuiona fikra hii ikiwa imegeuzwa jiwe na chokaa na aende Lamu, aingie katika nyumba mojawapo ya zile za kale za Mkomani. Atasimama kwanza dakani, mahali pa mgeni wa njiani. Akiruhusiwa atapita tekani, afike kiwandani penye mwanga wa jua. Kutoka hapo atapanda kidogo kuingia msana wa tini, kisha msana wa yuu, na nyuma yake ndani, chumba baada ya chumba, vyote virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hauwezi kuupita urefu wa boriti za mikoko, na kila aendavyo mbele ndivyo faragha inavyozidi na ndivyo idadi ya watu wenye idhini ya kufika hapo inavyopungua, hata afikie ukuta wenye zidaka, zile safu za vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, ambamo zilipangwa sahani na bakuli za kaure kutoka nchi za mbali. Nyumba kama ile ilikuwa darasa. Mtoto aliyekulia humo alijua kwa miguu yake, kabla ya kujua kwa akili yake, kwamba watu wana daraja, na kwamba hadhi ya mtu hupimwa kwa umbali anaoruhusiwa kuingia. Na chini, katika orofa ya ardhini, waliishi watumwa.

Katika mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, akiwa mgonjwa na akihisi safari yake i karibu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao hata leo ni fakhari ya lugha yetu. Amemfunza kushika dini, kuwa na adabu, kusema kweli, kumstahi mume, kuwapenda maskini; na pamoja na hayo amemwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kutumika. Wako wanaousoma utenzi ule na kuuruka ubeti huo kwa haya. Mimi naona si haki kuuruka. Mama yule hakuwa mtu mkatili, na mapenzi yake kwa mwanawe yamejaa katika kila ubeti. Bali alikuwa akimkabidhi urithi mzima kama alivyoupokea, na katika urithi huo upole na ubaguzi vilikuwa vimefumwa katika mkeka mmoja, ukili huu na ukili huu, hata aliyeufuma asiweze kuvitenga. Hivyo ndivyo itikadi inavyotawala: haimfanyi mtu mwema kuwa mwovu, humfanya asiuone uovu uliomo katika wema wake.

Sharia nayo ilitiwa mkono katika jambo hili. Mafakihi wa madhehebu ya Shafii waliweka kanuni ya kufu, yaani mlingano baina ya mume na mke, na mojawapo ya mambo yaliyoangaliwa katika kufu ni uhuru wa asili. Kwa hiyo walii wa binti mwungwana aliweza kuikataa posa ya mtu aliyekuwa mtumwa au mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, hata mtu huyo awe mcha Mungu kiasi gani. Mavazi yakakamilisha kazi. Mtumwa wa kiume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mjakazi alijifunga kaniki, nguo nyeusi ya bei rahisi, na kichwa chake hakikufunikwa kwa ukaya. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu ni nani: njia nzima ilimsoma kabla hajafungua kinywa.

Juu ya kitabu hicho cha mavazi na nasaba palikuwa na ngazi, na ngazi hiyo ndiyo siri ya nguvu ya uungwana. Mtumwa aliyeshushwa jana kutoka bara aliitwa mjinga, na neno hilo halikuwa tusi la akili tu kama lilivyo leo, lilikuwa daraja: mtu asiyejua bado lugha, dini wala desturi za mji. Mwanawe aliyezaliwa mjini aliitwa mzalia, akasema Kiswahili kama watoto wa bwana wake na kusoma chuoni pengine pamoja nao. Na yeye au mwanawe angeweza, bwana akitaka thawabu au akiwa kitandani mwa mauti, kuandikiwa hati akawa huru. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa mrima wa Bagamoyo aliyekwenda kufundisha lugha yetu Berlin, ameyaeleza mengi ya mambo haya katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten, na anayekisoma ataona jinsi mipaka hiyo ilivyokuwa ikijulikana kwa kila mtu, na jinsi kila mtu alivyokuwa akiijaribu. Mtumwa aliyewekwa chini ya ngazi hakuota kuivunja ngazi, aliota kuipanda. Alitaka kofia, alitaka viatu, alitaka karamu ya harusi yenye wageni na jina lake litajwe msikitini. Watawala wengi wamezitumia nguvu za silaha wasipate utiifu kama ule ambao waungwana waliupata kwa kuwatamanisha walio chini yao.

Misafara ikalichukua neno hilo bara. Katikati ya karne ya 19 watu wa pwani waliokodishwa Unguja na Bagamoyo kwenda Unyanyembe, Ujiji na mbele yake walijiita waungwana, ilhali wengi wao walikuwa watumwa waliotolewa na mabwana zao kwa kugawana ujira. Lakini mwendo wa miezi mitatu kutoka pwani, ni nani angeuliza hati? Mtu alivaa kanzu, akashika bunduki, akasema Kiswahili, akaswali, akawa mwungwana. Huko Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika miji ya Nyangwe na Kasongo ambako Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alijenga mamlaka yake, vijana waliotekwa kutoka makabila ya pale walipewa kanzu na bunduki wakawa waungwana nao, na hata leo wataalamu wa lugha hukiita Kiswahili cha upande ule Kingwana.

Yafaa tusimame hapa, tusilipite jambo hili kwa haraka ya kujisifia kuenea kwa lugha. Mwezi wa Julai 1871, siku ya soko, watu wa wafanya biashara wa pwani walifyatua bunduki katika umati wa Nyangwe, na mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza vyakula vyao, wakafa kwa risasi na kwa kuzama mto Lualaba. David Livingstone alikuwapo akashuhudia. Neno lililokuwa na maana ya uhuru, usafi na ukarimu lilifika Lualaba likiwa mikononi mwa watu waliokuwa wakifunga wenzao minyororo. Na wengi katika hao waliokuwa wakifunga walikuwa wamefungwa wao kabla. Kosa hilo halikutoka nje ya fikra ile kama kutu inayotoka hewani. Lilikuwamo tangu mwanzo, maana uungwana ulihitaji daima awepo mja wa kulinganishwa naye, na kila mja aliyepanda alimtafuta mwingine wa kumweka mahali alipokuwa yeye.

Pwani kwenyewe neno lilikuwa linabadilika. Tangu Seyyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja na mashamba ya karafuu yakaenea, heshima ilianza kupimwa kwa ukaribu na ikulu na kwa mwenendo wa watu wa Oman na Hadhramaut, na taratibu watu wakaanza kusema ustaarabu pale ambapo babu zao wangesema uungwana. Wapo wadhaniao kwamba maneno haya mawili ni mapacha. La, hasha. Uungwana ulimtaka mtu awe wa mji wake. Ustaarabu, kwa asili ya neno lenyewe, ulimtaka afanane na Mwarabu. Mtu wa Lamu au wa Mvita, ambaye nasaba yake ya mjini ilikuwa imetosha kwa karne nyingi, sasa alihitaji kuwa na babu ng'ambo ya bahari, na ambaye hakuwa naye alimtafuta.

Pigo kubwa kabisa kwa kiburi cha nasaba lilitoka mahali pasipotazamiwa, kwa mtu mwenye nasaba kuwashinda wote. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo Lamu sharifu mmoja aliyetoka Ngazija, Salih bin Alawi wa ukoo wa Jamal al-Layl, ambaye watu humwita Habib Saleh. Desturi ilimtaka sharifu kama huyo akae Mkomani pamoja na wenye majumba ya mawe. Yeye akakaa Langoni, mtaa wa makuti, pamoja na wageni, mafukara na watumwa, akawafundisha Kurani na elimu ya dini waliyokuwa wamenyimwa, akawatibu kwa dawa za miti, na akaanza kusoma Maulidi ya al-Habshi kwa kupiga matari na watu wote wakiimba kwa pamoja. Wakubwa wa mji wakamlaumu: matari msikitini! Elimu kwa watumwa! Lakini walikuwa wamenaswa, kwani itikadi yao yenyewe iliwafundisha kuutukuza uzao wa Mtume kuliko uzao mwingine wowote, na sasa uzao huo ulikuwa umeketi mkekani pamoja na wajakazi wao. Msikiti wa Riyadha uliojengwa pale Langoni ukawa chuo cha pwani nzima. Habib Saleh alifariki mwaka 1935, na mpaka leo Maulidi yakifika, watu hutoka Tanga, Mombasa, Unguja na Ngazija kwenda mtaa ule ambao zamani mwungwana hakupenda kuonekana akiupita.

Serikali za kigeni nazo zilikuja na amri zao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 mahakama za Unguja na Pemba zikaacha kuitambua hali ya utumwa, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuuomba uhuru wake na bwana akalipwa fidia, na masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka mwaka 1909. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907. Na Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa wametangaza tu kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1905 watakuwa huru, ilingoja mpaka sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Sheria hizi ziliondoa pingu, wala hazikuondoa kufu. Hilo waliachiwa wenyewe walioachwa huru, nao walilifanya kwa nguo na kwa sauti. Wanawake waliitupa kaniki wakajifunga kanga zenye rangi na maua, kisha wakavaa buibui kama mabibi zao wa jana. Wanaume wakavaa kanzu na kofia, na katika ngoma za beni, zilizoenea kutoka miji ya Kenya hadi Tanganyika yote, mchukuzi wa bandarini aliweza kuwa na cheo mbele ya kundi lake.

Hakuna aliyeuonyesha mpito huo kuliko mwanamke mmoja wa kijiji cha Fumba, Unguja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880 na kupewa jina la Mtumwa. Aliuza vyungu akitembea kwa miguu, akaja mjini, akajifunza kuimba kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na watu waliomsikiliza wakalibadili jina lake wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay na wenzake kutiwa sauti katika sahani za santuri, na sahani hizo zikasikika barazani mote mwa pwani. Shaaban Robert, aliyeuandika wasifu wake, alielewa uzito wa jambo hilo. Kutoka Mtumwa kuwa Siti ni safari ndefu kuliko ya Unguja na Bombay, nayo aliikamilisha kwa kitendo, sawasawa na ilivyoagiza methali.

Laiti mambo yangeishia hapo. Wakoloni walikuwa na itikadi yao wenyewe, ambayo ilimpima mtu kwa taifa la damu na kumwandika hivyo daftarini, na daftari, tofauti na baraza, halisahau wala halisamehi. Katika hesabu ya watu ya Unguja na Pemba ya mwaka 1924 zaidi ya watu 30,000 walijitaja kuwa Waswahili; katika ile ya mwaka 1931 waliojitaja hivyo walikuwa 2,000 hivi. Hawakufa wala hawakuhama. Jina la Mswahili lilikuwa limekwisha kunuka utumwa, na watu wakajiandika Washirazi, Wahadimu, Watumbatu, Waarabu, kila mmoja akitafuta jina lenye kivuli. Vilipokuja vita vya pili vya dunia na mgao wa chakula ukatolewa kwa kufuata taifa la mtu, jina likawa wali au likawa sembe. Na zilipofika zile zama ambazo Unguja huziita zama za siasa, kuanzia uchaguzi wa mwaka 1957, vyama vilikuta mafungu yamekwisha kukatwa, vikayachukua kama yalivyo. Majirani wakaacha kuzikana, na tarehe 12 Januari 1964 na siku zilizofuata ikamwagika damu ambayo hapana methali ya kuifuta.

Lakini bara ya Tanganyika, katika miaka hiyo hiyo, lilichaguliwa neno jingine. Chama cha TANU kilichoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 kilipotafuta neno la kudai nchi, lugha ilikuwa na maneno mawili ya hali ya kutotawaliwa: kulikuwa na uungwana, uhuru wa aliyezaliwa nao, na kulikuwa na uhuru wenyewe, neno la hati, neno la mtu aliyekuwa chini ya mwingine na sasa ametoka. Huru katika Kiswahili cha wazee lilikuwa jina la aliyeachwa; mwungwana wa Pate angeliona ni tusi kuitwa hivyo. Chama kikachukua la pili, na kwa kuita watu wote ndugu, tajiri na fukara, mwenyeji na mgeni, kikauacha mkeka wa daraja umekunjwa mlangoni. Sidhani kwamba waliochagua walikaa kitako kupima maneno. Lugha iliwachagulia, kwa kuwa iliyajua mambo kuliko wao. Neno uungwana, kama wangelitumia, lingewauliza watu babu zao walikuwa nani. Neno uhuru halikuuliza swali hilo, kwa sababu lilikuwa limekwisha kulijibu: lilikiri utumwa, na katika kuukiri likawafanya wote kuwa wana wa walioachwa huru.

Naye mtu aliyezaliwa utumwani mrima, Disemba 1905, siku chache kabla ya muda uliowekwa na Wajerumani, na ambaye sheria haikumfungua mpaka mwaka 1922, alikuwa na umri wa miaka 55 usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961, bendera ilipopandishwa Dar es Salaam na umati ukalitamka kwa pamoja neno ambalo kadhi aliliandika katika hati za watumwa.